Sababu: Imeinama Kushoto

Tarehe 4 Februari

Mwanangu,

U hali gani, na kile kikohozi kimekuacha au bado mnalala pamoja? Mimi huku mzima, isipokuwa goti la kushoto limejipa likizo bila kuniuliza. Jirani yangu fundi mwashi anakusalimu. Paka wake naye anakusalimu, maana siku hizi wote wawili wanakula kwangu.

Nakuandikia nikiwa nimevimba. Kamera uliyoninunulia nilipostaafu naipenda, usije ukasema sina shukrani. Lakini wewe ndiye uliyenitia kwenye mambo haya. Uliniambia: Shangazi, umeosha ndege miaka ishirini na nane, sasa zipige picha, uziweke kwenye tovuti yetu ya picha za ndege, dunia nzima izione. Ukanifungulia ukurasa, ukanionyesha pa kubonyeza. Hukuniambia kwamba huko ndani kuna watu wanaitwa wakaguzi, na kwamba kazi yao ni kukataa.

Nimepeleka picha sita, zimerudi sita. Moja wamesema ina doa la vumbi. Mimi! Mtu aliyekuwa akipitisha kidole chini ya bawa kabla ya kusaini kwamba ndege ni safi, leo naambiwa nina vumbi. Nyingine wamesema ina mawimbi ya joto. Jua lilikuwa linawaka, walitaka nilizime? Nyingine ndege haiko katikati. Nikaisogeza, wakasema haiko katikati tena, safari hii upande wa pili. Mbili za mwisho sikusoma sababu, nilikwenda kufua nguo ili nisitukane mtu.

Sasa nisikilize. Hizo zote hata wakizikataa nitalala usingizi wangu. Ninayoitaka ni moja. Ile ndege kuukuu ya mizigo iliyoegeshwa kwenye majani mwisho wa uwanja, yenye mstari wa bluu ubavuni, unaikumbuka? Mstari ule aliupiga baba yako alipokuwa fundi rangi karakana, wewe bado unabebwa mgongoni. Kazi zake nyingine zote zimeshapakwa juu rangi nyingine au zimekwenda na ndege zake. Imebaki hiyo. Nayo mwezi wa sita inakatwa iuzwe chuma chakavu.

Uliniambia tovuti yenu inahifadhi kila ndege kwa namba yake ya mkiani, hata ikishakufa. Nataka iingie humo kabla ya msumeno. Mimi sitadumu, na wewe uko mbali, na kaka yangu hana kaburi lenye jiwe la maana. Nifundishe namna ya kuwapita hao watu.

Shangazi yako


Tarehe 9 Februari

Shikamoo Shangazi,

Kikohozi kimehama, kimekwenda kwa mwenzangu tunayekaa naye meza moja pale kiwanda cha kuchapa picha. Goti lipe pole, uliambie likirudi mapema nitaliletea bandeji nzuri. Paka nisalimie, mwashi mwambie atafute mke.

Nimecheka barua yako mpaka nikafuta machozi, halafu nikaona haya, kwa sababu kweli sikukuambia. Karibu chamani. Mwaka wangu wa kwanza nilikataliwa mara arobaini na moja. Moja walikataa kwa sababu ya ndege mwenye manyoya aliyepita nyuma ya ndege ya chuma; mkaguzi alidhani ni uchafu. Wale si maadui. Ni watu kama sisi, hawalipwi, wanatazama picha zetu wakishatoka kazini, na kila mmoja wao alianza kwa kukataliwa.

Vumbi halikuwa kwenye ndege, Shangazi, lilikuwa ndani ya kamera. Litoe kwa kile kipira cha kupulizia nilichokutumia. Kwa kipira tu! Nakuomba usiingize kitambaa chako mle ndani. Mawimbi ya joto yanatoka kwenye lami, kwa hiyo piga asubuhi, kabla lami haijapata moto. Na ndege ikikaa upande, kata kingo za picha mpaka nafasi ya mbele na ya nyuma zilingane.

Chini kabisa ya fomu utaona kisanduku cha maneno kwa mkaguzi. Ni cha kumweleza jambo ambalo jicho lake haliwezi kulijua. Wengi hatukitumii. Ukikitumia, tafadhali usiandike matusi, nakujua.

Sikujua kwamba mstari ule ni wa Baba. Hukuwahi kuniambia. Namkumbuka kidogo sana: mluzi wake akiwa anavaa viatu, na kofia yake aliyoivaa upande. Hiyo ndege lazima iingie.

Mwanao


Tarehe 1 Machi

Mwanangu,

Umeamkaje, na unakula ukiwa umeketi au bado unakula umesimama kama mtu anayesubiri gari? Mimi sijambo. Goti limerudi kazini, nusu siku.

Nianze na tamu. Wamekubali moja! Ile ndege ndogo ya njano ya kunyunyizia dawa mashambani. Nilipiga kelele, fundi mwashi akaruka ukuta akidhani nimeingiliwa na mwizi. Nikamwonyesha simu. Akatazama sana, akasema, "Ndege." Nikamwambia ndiyo, ndege, lakini imekubaliwa. Akasema hongera na akauliza kama kuna chai.

Chungu sasa. Ya mstari wa bluu imekataliwa mara nne. Mara ya kwanza walisema nafasi ya kulia ni kubwa mno, kule kwenye nguzo ya mfuko wa kuonyesha upepo. Nikakata kingo kama ulivyonifundisha, nguzo ikaenda. Tangu hapo jibu ni moja, limeandikwa kwa herufi nyekundu: Sababu, imeinama kushoto. Narudia, imeinama kushoto. Nikaazima pima maji ya mwashi, nikailaza juu ya kamera, povu likakaa katikati kabisa, mwashi mwenyewe shahidi. Nikapiga, nikapeleka. Imeinama kushoto!

Nikikataliwa wananipunguzia nafasi. Nilikuwa naruhusiwa kupeleka picha tano kwa wiki, sasa ni mbili. Na juzi wamekuja watu wawili na karatasi, wakaizunguka ile ndege wakiigongagonga kama wanunuzi wa ng'ombe.

Waombe hao wenzako. Waambie picha haijainama. Nina uhakika kuliko wao.

Shangazi yako


Tarehe 6 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini umeketi. Kama hujaketi, keti, mambo ya afya tutaulizana baadaye.

Imeingia! Ndege ya Baba imeingia!

Usinigombeze, neno la siri la ukurasa wako bado ninalo, maana mimi ndiye niliyelitunga. Niliichukua picha yako ya mwisho, nikaifungua kwenye mashine kubwa za hapa kazini, nikaona tatizo papo hapo. Nyuma ya ndege kuna kilima na majani matupu. Hakuna ukuta wala mlingoti. Ndege yenyewe ni ya mizigo, haina hata safu ya madirisha. Mkaguzi hana pa kupimia isipokuwa mstari ule wa bluu, na kweli mstari ulikuwa unapanda kuelekea mkiani. Nikaizungusha picha kulia kidogo tu, haifiki digrii moja, mstari ukalala kama umepigwa rula. Nikaipeleka. Siku mbili, wamekubali. Mpaka asubuhi hii imetazamwa na watu mia mbili na kumi na wawili.

Nimeichapa moja kubwa, nimeibandika juu ya kitanda changu. Kila mtu anayeingia namwambia, unauona mstari huo ulivyonyooka? Ni wa baba yangu. Nimeringa, Shangazi, tangu wakubali naringa tu.

Haya, goti linasemaje?

Mwanao


Tarehe 29 Machi

Shikamoo Shangazi,

Wiki tatu sasa. Simu unapokea, unasema "mzima, mzima", unakata. Hilo si lako. Wewe ni mtu wa kunisimulia bei ya sabuni kwa dakika kumi.

Nimempigia fundi mwashi. Anasema huumwi, kila asubuhi unakwenda kwenye uzio wa uwanja, unasimama, na kamera iko mkobani, huitoi. Anasema hata paka ameona tofauti.

Nimekosea wapi? Niambie hata kwa kunitukana, nimezoea.

Mwanao


Tarehe 3 Aprili

Mwanangu,

Sijaumwa. Nisamehe kwa kukutia hofu, na nisamehe kwa haya ninayokuandikia, kwa sababu nimeyaanza mara saba na mara saba nimefuta.

Itazame picha uliyobandika juu ya kitanda chako. Tazama gurudumu la mbele na majani chini yake. Limenyanyuka. Umeinua pua ya ndege nzima ili mstari ukae sawa. Kama ile nguzo niliyoikata ingekuwa bado ndani ya picha, ungeiona inaangukia kulia. Picha yangu ilikuwa imenyooka, baba. Mstari ndio uliopinda. Umepinda kweli kweli, mkiani uko juu kwa shubiri nzima.

Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha miaka thelathini na moja. Sasa nakueleza, na nikianza nisikatize.

Siku ile msaidizi wa baba yako hakufika kazini. Mimi nilikuwa kibarua, miezi minne tangu nianze, nikiosha upande wa mkiani. Mstari mrefu hupigwa hivi: fundi anapima, anaweka alama ndogo ya penseli mbele na nyingine nyuma. Kisha watu wawili wanashika uzi uliopakwa chaki, mmoja kila mwisho, wanaukaza, fundi anauvuta na kuuachia, pah! Unaacha alama. Juu ya alama hiyo wanabandika utepe, wanapuliza rangi. Baba yako akaniita, "Dada, nishikie huku nyuma, kwenye alama ya penseli." Akapanda ngazi yake kule mbele, anapiga mluzi.

Nilipopanda stuli, alama hakuna. Mwanangu, niliifuta mimi. Dakika chache kabla, nilikuwa nimepita pale na kitambaa. Nilikuwa kibarua mpya, nilitaka kila mtu aone ninavyosugua, nikaona kidoa cheusi, nikakifuta, nikafurahi. Nikasimama pale na ncha ya uzi mkononi. Neno moja tu lilihitajika, "Kaka, alama imefutika," naye angeshuka apime upya. Niliona haya. Kulikuwa na mafundi wanatazama. Nikaweka uzi pale ambapo jicho langu lilisema ndipo. Akavuta, pah.

Ukiwa chini ya bawa huoni kitu. Asubuhi walipoisukuma nje, ikaonekana na kila mtu. Ilikaa kama ndege inayochungulia kitu ilichodondosha. Mwenye ndege alikuwa na mzigo wa kuondoka saa ile ile, akaondoka nayo akitukana, akasema itapakwa upya mwakani. Kila aliyeinunua baada yake naye akasema mwakani.

Msimamizi akauliza nani aliyepima. Baba yako akasema, "Mimi. Mkono uliteleza." Hakunitazama hata mara moja, wasije wakafuata macho yake. Nilimkuta nyuma ya karakana, nikamwambia nakwenda kusema. Akanishika kiwiko. "Wewe kibarua," akasema, "watakufukuza leo leo. Mimi nina cheti, wataninunia tu." Nikakubali. Hilo ndilo linalonila, kwamba nilikubali haraka.

Hawakumnunia tu. Walimtoa kwenye rangi, wakampeleka stoo kugawa bolti. Hakushika tena bomba la rangi pale mpaka anakufa. Na wakampa jina, Mshazari, yaani kitu kilichokaa upande. Waliomtania walimwita hivyo, na waliompenda nao wakamwita hivyo, mpaka watu wakasahau lake. Siku ya maziko mmoja alisimama akasema tumempoteza Mshazari wetu, watu wakatabasamu katikati ya kilio. Mimi nilikuwa nimekukalisha mapajani.

Ulipokuwa na miaka tisa ulikuja na hilo jina kutoka nje, ukaniuliza maana yake. Nikakuambia walimwita hivyo kwa sababu alivaa kofia upande. Uongo. Kofia aliivaa kama watu wote.

Sikutaka picha iingie ili watu waone mstari ulionyooka. Nilitaka uonekane ulivyo. Sikuwa na ujasiri wa kusema ni kwa nini, nikadhani picha itanisemea. Ilipoingia ikiwa imenyooshwa, niliona nimemfuta kaka yangu mara ya pili, kwa kitambaa kile kile.

Nimemaliza. Una haki ya kunifikiria utakavyo.

Shangazi yako


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Salamu. Hali yangu si ya kuandika, natumaini yako ni bora.

Leo ni siku ya ishirini na tisa. Nazihesabu, si kwa kukulaumu. Simu yako inaita mpaka inachoka. Nilimwomba mwashi akupigie kwa namba yake, ukapokea, ukasikia pumzi yangu nyuma yake, ukasema uko kazini. Nimeelewa.

Wamemwaga mafuta ya ile ndege na kuweka uzio wa kamba. Mlinzi wa getini ananiambia wataanza kuivua mapanga ya injini mwisho wa mwezi.

Kama umenikasirikia, kasirika kwa maandishi, mwanangu. Nitasoma yote. Ninachoshindwa ni huu ukimya. Chakula nachemsha cha watu wawili kwa mazoea, nampa paka.

Shangazi yako


Tarehe 10 Mei

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima. Nasema hivyo kwanza ili uweze kusoma mengine.

Ulisema nikasirike kwa maandishi. Haya. Wiki ya kwanza nilikasirika kwa ajili ya Baba. Kila nikifikiria stoo na bolti, nilikuwa natoka nje ya kiwanda kutembea. Picha niliitoa ukutani siku ile ile niliyosoma barua yako.

Wiki ya pili nilikasirika kwa ajili ya kofia. Shangazi, mimi navaa kofia upande! Tangu nikiwa na miaka tisa. Kazini wananicheka, msichana mmoja aliniacha akisema nafanana na kondakta. Siku zote nilijiambia, hii ni ya Baba, hii ndiyo niliyorithi. Na mbaya zaidi, ninaikumbuka kofia yake ikiwa upande. Ninaiona kabisa. Kumbe nimekaa miaka yote hii nakumbuka maneno yako, simkumbuki yeye. Hilo liliniuma kuliko mstari. Bado linaniuma, sitakudanganya.

Wiki ya tatu sikufikiri kitu. Ya nne nikaanza kukumbuka mambo ambayo hakuna aliyenisimulia. Nikakumbuka Jumapili. Tulikuwa tunakuja kwako kila Jumapili, si ndiyo? Baba alikuwa anaketi kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, wewe unampakulia wa kwanza, yeye analalamika chumvi haitoshi, unamrushia kitambaa. Hilo ninalikumbuka mwenyewe, mpaka sauti. Na wakati ule alikuwa tayari yuko stoo, tayari anaitwa lile jina, na anajua nani alishika uzi. Alikuja kila Jumapili, akala, akacheka. Nikasema, kama yeye aliyekatwa mkono wake wa kazi aliketi meza moja na wewe, mimi ni nani nisusie?

Na aliyekesha na mimi nikikohoa baada ya wazazi wote wawili kuondoka, alikuwa nani? Nimekusamehe, Shangazi. Nilishakusamehe siku kadhaa zilizopita, nilikuwa naona haya kuanza.

Sasa kazi. Nimeiondoa ile picha kwenye tovuti. Nimewaandikia wakaguzi kwamba niliizungusha mimi bila kukuuliza, wamenipa onyo, nimelipokea. Piga nyingine upya. Tafuta pa kusimama ili ile nguzo ya mfuko wa upepo iwe ndani, nyuma tu ya mkia, isikupotezee katikati. Nguzo ndiyo itakayokutetea. Halafu ujaze kile kisanduku cha maneno kwa mkaguzi. Mimi siandiki hata herufi moja. Hayo ni yako kuyasema.

Fanya haraka, kabla ya mapanga. Na upike cha watu wawili, nimeomba likizo mwezi wa saba.

Mwanao


Tarehe 7 Juni

Mwanangu, baba yangu, mpenzi wangu,

Hujambo? Umelala? Umekula? Mimi mzima kuanzia utosi mpaka unyayo, goti likiwemo. Barua yako nimeisoma mpaka simu ikazima, nikaichaji, nikaisoma tena. Msichana aliyekuacha kwa ajili ya kofia hakukufaa, achana naye.

Mlinzi wa getini aliniruhusu nipite mpaka nyuma ya kituo cha zimamoto, kwa sababu zamani nilikuwa namwekea sabuni. Nikatembea huku na huku mpaka nguzo ikaja ikasimama nyuma ya mkia, imenyooka wima. Saa moja asubuhi, lami baridi, pima maji juu ya kamera. Mapanga bado yalikuwepo. Nikapiga tatu, nikachagua moja.

Kile kisanduku kilinichukua siku mbili. Mwisho nikaandika hivi, nakunakilia neno kwa neno: "Ndugu mkaguzi, shikamoo au marahaba, sijui umri wako. Ukiutazama mstari wa bluu utasema picha imeinama. Tafadhali pima kwa nguzo. Mstari wenyewe ndio uliopinda. Aliyeupaka ni kaka yangu, fundi rangi, ambaye alipima sawasawa. Mimi nilikuwa namshikia uzi, nikafuta alama yake, nikaona haya kusema, nikabahatisha. Lawama alichukua yeye. Naomba usininyooshee."

Nikabonyeza. Hilo jambo sikuwahi kumwambia mtu yeyote ila wewe, sasa nimemwambia mtu nisiyemjua hata kabila wala jinsia.

Siku sita. Halafu herufi nyekundu. Imekataliwa! Nikasoma sababu: doa la vumbi, juu kulia.

Nikasoma tena. Doa la vumbi tu, mwanangu! Nikatafuta neno imeinama, hakuna. Juu, chini, hakuna! Nilicheka peke yangu mpaka mwashi akaruka ukuta mara ya pili, akanikuta nimekaa sakafuni nalia na kucheka pamoja, akaenda kuniletea maji bila kuuliza. Sijawahi kukataliwa vizuri namna ile.

Doa hilo nililitoa, maana la kamera linaruhusiwa kutolewa. Nilikuza picha nikakagua kila kona mara nne. Nikapeleka, nafasi yangu ya mwisho ya wiki. Juzi wamekubali, na mkaguzi ameandika chini: "Nimepima kwa nguzo, imesimama. Mstari nimeuacha kama ulivyo. Asante kwa kunieleza, mama." Maneno yale yale nimeyaweka pia kwenye maelezo chini ya picha, kila anayeifungua anayasoma. Humo nimeongeza jina la baba yako, lile alilopewa na wazazi wetu, na kazi yake: fundi rangi.

Nikaona haitoshi. Wasomaji wa tovuti hawakuwahi kumwita Mshazari. Waliomwita wako karakana. Jana nikaichapa picha pale dukani, nikaenda nayo wakati wa chai. Wazee wa enzi zetu wamebaki watatu, wengine ni mafundi wa juzi tu, ambao hawakumjua lakini hadithi wanayo, wanaitumia kumtishia kila anayejifunza kupima. Nikasimama kwenye mlango wa chumba cha rangi, nikasema yote, alama, kitambaa, stuli, uzi. Nikasema, Mshazari hakuwa yeye, alikuwa mimi.

Kisha mmoja wa wale wazee watatu, fundi injini aliyekuwa akimtania kuliko wote, akavua kofia. Akasema, "Tulimwonea." Akaichukua picha mkononi mwangu akaitazama muda mrefu, halafu akaenda mwenyewe kuibandika ndani, juu ya kabati la brashi.

Leo asubuhi wameanza kuikata ile ndege. Nilikwenda, sikukaa sana, ile sauti haifai. Nikiwa natoka, mafundi wa zamu walikuwa wanaingia getini, na mmoja wao akaniita kwa nguvu, wenzake wakacheka, "Mshazari! Mama Mshazari!"

Nikaitika.

Shangazi yako